Nati ya Tairi la Nyuma

Nati iligoma tangu asubuhi, na mimi nilikuwa na safari ya Vihingo.

Naanza na hilo kwa sababu majirani wa hapa Sofu, Kibaha, walisikia mwanamume mzima akiitukana nati, wakafunga madirisha, na najua walichosema. Walisema mzee Masanja kafiwa na mke, sasa akili imeanza kuyumba. Akili yangu haijayumba. Nilikuwa na ng'ombe wa kuwahi.

Ng'ombe mwenyewe anaitwa Diwani. Ni jike, mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Jina alipewa na marehemu mke wangu, Rahabu, kwa sababu akishashiba hamjui mtu. Rahabu alimpata kwa jembe lake mwenyewe, kwa mpunga wa bonde la Ruvu, hakupewa na mtu. Sisi ni watu wa Maswa. Tulishuka huku Pwani tukifuata nyasi, tukakaa Vihingo, kule Kisarawe, halafu zikaanza amri. Leo mkae hapa. Kesho hapa ni msitu, tokeni. Kesho kutwa rudini, ila mpunguze mifugo. Kila anayekuja na gari jeupe ana amri yake, na ya aliyemtangulia haijui. Mimi nikachoka, nikauza ng'ombe wangu, tukahamia Kibaha mjini, nikapata kazi ya kulinda ghala. Diwani tukamwacha Vihingo kwenye zizi la shemeji yangu Nyanda, kaka yake Rahabu.

Rahabu alifariki wakati wa vuli. Alikuwa amekwenda huko huko Vihingo kumsalimia kaka yake, homa ikamkamata, wakapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Wakajibiwa gari lipo ila halina mafuta. Sina cha kuongeza hapo. Gari lipo ila halina mafuta.

Sasa jioni ya kuamkia siku hiyo Nyanda ananipigia.

"Shemeji, imetoka amri nyingine," anasema. "Tunatakiwa tuwe tumeondoka. Nimepata lori, linakuja kesho kupakia, tunakwenda Kilwa."

"Na Diwani?"

"Ndicho nilichokupigia. Ukiwahi kabla lori halijaondoka, unamchukua. Usipowahi, anapanda na wenzake."

"Si umfunge kwenye mti, mimi nitamkuta."

"Shemeji, usinifanye nikufundishe mambo unayoyajua. Ng'ombe wa marehemu mimi simtoi zizini. Anamtoa mume, kwa mkono wake. Mume asipotokea siku watu wanahama, ng'ombe anahama na ukoo wake. Hata nikitaka, wazee wataniuliza."

Nayajua, kweli. Ndivyo tulivyoyakuta. Na Nyanda hana roho mbaya, ila kwenye mambo ya ng'ombe hapindi. Diwani akishafika Kilwa, ndama wake ni wa Kilwa, na mimi sina nauli ya kwenda kudai mkia. Khanga za Rahabu wanawake wa ukoo wake waligawana msibani. Kwangu zimebaki sufuria na kile kiti chake cha kukunia nazi, ambacho mimi Msukuma sina kazi nacho. Ng'ombe yule ndiye kitu chake kilicho hai.

Kwa hiyo asubuhi nikatoa pikipiki uani.

Ni ya Kichina, ya siku nyingi, na tatizo lake lilikuwa moja. Mnyororo ulikuwa umelegea mpaka unaning'inia kama tumbo la mbwa aliyezaa. Ukikuta kilima kidogo unaruka kwenye meno, krak, krak, halafu unachomoka kabisa. Kwa barabara ya kutoka Mlandizi kwenda Vihingo, masika haya, nisingefika popote. Na kuukaza mnyororo sio kazi. Unalegeza nati ya ekseli ya tairi la nyuma, unavuta tairi nyuma kidogo, mnyororo unanyooka, unakaza nati, unanawa mikono. Basi. Nilikuwa sijaigusa nati ile tangu kabla ya msiba, lakini nati ni nati.

Nikaweka spana namba kumi na tisa. Nikavuta. Kimya. Nikasimama na mguu juu ya spana, uzito wangu wote, nao sio mdogo. Spana ikateleza, nikapiga goti kwenye bomba la moshi.

Nikaleta mafuta ya taa, nikamwagia, nikangoja. Nikagonga kwa nyundo pembeni ili kutu iachie. Nikaweka spana tena. Kimya. Nikachukua bomba la kitanda kibovu, nikalivalisha kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikavuta. Safari hii kitu kikalia tiii, moyo ukafurahi, kumbe ni spana yenyewe imepanuka mdomo. Spana mpya. Unanunua kitu dukani kina rangi ya fedha kinang'aa, ukikiweka kwenye kazi kinafunguka kama mdomo wa samaki. Wanaoruhusu vyuma vile vipite bandarini sijui wanatazama nini.

Nikabaki na spana malaya, ile ya kurekebisha kwa kidole, inayoingia kwenye kila nati na haishiki hata moja. Nikaibana vizuri. Nikavuta. Ikazunguka yenyewe, ikakwangua pembe mbili za nati.

Hapo ndipo nilipotukana.

Nikampigia Gregori, fundi wangu wa pikipiki, kijana anayekaa kijiweni pale barabarani. Alipokea katikati ya honi.

"Mzee Masanja, shikamoo."

"Marahaba. Gregori, nati ya nyuma imegoma. Njoo na vifaa."

"Leo siwezi, mzee. Nipo Mlandizi. Tumekuja kumpokea mkubwa. Boda zote za Kibaha zipo huku."

Nikaelewa kwa nini kijiwe kilikuwa kitupu tangu asubuhi, maana wazo la kukodi boda nilikuwa nimeshalipata na kulikosa. "Mnalipwa?"

"Hatulipwi. Tumejaziwa mafuta tenki zima, kila mtu."

Nikaiondoa simu sikioni, nikaitazama.

"Mzee, upo? Sikiliza, usije ukatumia spana malaya kwenye hiyo nati. Itakula pembe."

"Umechelewa," nikamwambia, nikakata simu.

Nikakaa chini kwenye ndoo nikaiangalia ile nati. Mafuta yapo. Pikipiki mia zinaweza kuzunguka Mlandizi kutwa nzima zikipiga honi na bendera, na mafuta yapo. Nilipoanza kuyawaza yale nikainuka nikaipiga nati nyundo, sio kwa kuilegeza, kwa kuipiga tu.

"Muue kabisa," sauti ikasema. "Halafu utatuambia ndiye aliyekuanza."

Alikuwa Bi Mwanamkuu, jirani yangu, amesimama upande wa pili wa ua wa makuti, kiganja kimejaa unga wa vitumbua. Yeye Mzaramo wa huku huku, mimi Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana adabu wala huwezi kumdai. Msibani kwa Rahabu, watu wote wamekaa wanalia, yeye alivaa koti langu na kofia yangu akapita katikati ya waombolezaji anatembea kama mimi, miguu nje, anadai chai na kulaumu serikali. Watu walicheka mpaka nami nikacheka, na nilikuwa sijala siku nzima. Walikuwa mashoga, yeye na Rahabu.

"Mtani, niache leo," nikamwambia. "Nina haraka."

"Haraka na nini? Tangu asubuhi nakusikia unapigana na chuma. Ningekuwa hicho chuma ningeshafunguka nikaondoka, kelele zote hizi."

Nikamweleza habari ya lori, na Nyanda, na Diwani. Akaacha kucheka. Akazunguka, akaingia uani, akainama akaiangalia nati.

"Hii hata kuonekana haionekani. Imejaa grisi na tope la tangu enzi. Wewe unapigana na uchafu. Ngoja."

"Utafanya nini?"

"Nitaiosha. Nyinyi wachunga ng'ombe kuoga mnaogopa, basi hata nati zenu zisioge?"

Akaleta birika la maji ya moto kutoka jikoni kwake, na sabuni ya unga, na mswaki uliochakaa. Nikamwambia maji ya moto sawa, joto linaweza kuilegeza. Akamwaga, akasugua, uchafu mweusi ukatiririka mpaka kwenye miguu yetu. Akamwaga tena. Nati ikatoka nyeupe kama jino, na ubavuni mwake, pale inapokutana na ncha ya ekseli, nikaona kitu.

Tone la chuma. Dogo, la mviringo, limekaa nusu kwenye nati na nusu kwenye ekseli. Nikaligusa. Halikuwa kutu. Nati ilikuwa imechomelewa.

Nadhani sikuwahi kukasirika vile tangu nihamie Kibaha. Nilianza na Gregori. Nikasema huyu ndiye aliyefanya, ili nikikwama nirudi kwake. Nikasema mafundi wote ni wamoja, wanafundishana kuhujumu watu, na hakuna anayewakagua, kwa sababu wa kukagua wapo Mlandizi wanapunga bendera. Nikasema nitakwenda polisi. Nikasema nchi hii mtu hata nati yake mwenyewe haimiliki. Nilisema mengi, na nilipogeuka nikamwona Bi Mwanamkuu amekaa kwenye ndoo yangu, amejishika tumbo, anacheka mpaka machozi.

"Kinachokuchekesha ni nini?"

"Gregori wa watu. Utamtia ndani bure."

"Unamjua aliyefanya?"

"Namjua. Nilikuwepo."

Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Unakumbuka mlipoanguka na Rahabu? Mwezi wa nane ule, mnatoka Vihingo?"

Nakumbuka. Barabara ile ina mawimbi, pikipiki inatetemeka mpaka meno yanagongana. Nati ililegea yenyewe njiani, tairi likaenda upande, tukalala kwenye mchanga wote wawili. Rahabu alichubuka kiwiko. Nati nikaiokota, nikaikaza, tukaendelea. Nilimwambia tatizo sio nati, tatizo ni barabara, na wenye barabara wanajulikana.

"Basi," Bi Mwanamkuu akasema, "siku zile wewe unalinda usiku, mchana umelala. Akaja kwangu, akaniambia shoga, nisindikize. Tukaisukuma pikipiki yako, wanawake wawili na magauni yetu, mpaka kwa yule fundi mageti wa barabarani. Yule kijana anamuuliza, mama, nikichomelea itafungukaje tena? Rahabu akamwambia, wewe choma. Mume wangu anasema tatizo ni barabara. Barabara mimi siwezi kuikaza. Hii naweza."

Nikaligusa tena lile tone.

"Akaipaka grisi juu ili usione," akaongeza. "Alijua ungebomoa siku hiyo hiyo."

Mwanamke yule. Nilibishana naye miaka yote juu ya pa kulima, pa kuhamia, chumvi kwenye mboga, na kila siku alinyamaza nikajua nimeshinda. Kumbe ananyamaza anakwenda kwa fundi mageti. Hata sasa hayupo na bado ananiambia hapana.

"Una tupa?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo, ya kunolea panga la kukatia kuni. Grainda ingemaliza kazi mara moja, lakini umeme ulikatika tangu alfajiri, na hilo nalo silisemi. Akaniletea tupa. Nikachuchumaa, nikaiweka juu ya lile tone. Nikapiga mara moja, ikaacha mchoro mweupe mwembamba. Nikasimama.

"Butu," nikasema.

"Haijawa butu. Nimenolea panga jana."

"Nakwambia butu."

Akanitazama. Jua lilikuwa limeshapanda, nami nilijua kila dakika ninayosimama pale ng'ombe mmoja anapanda lori. Nikaiweka tupa tena. Mkono ukakataa. Sijui nieleze vipi. Lile ndilo jambo la mwisho alilolifanya juu yangu bila kuniuliza, na mimi natakiwa nilisage liwe vumbi.

"Toka hapo," Bi Mwanamkuu akasema.

"Sio kazi ya mwanamke hii."

"Ni kazi ya mtani. Kwetu mfiwa hafungui alichofunga marehemu. Nani alivunja chungu chake msibani? Nani aligeuza godoro lake? Mimi. Hiki nacho ni changu. Toka, Msukuma mkubwa wewe, unanizibia mwanga."

Nikatoka. Akajifunga khanga kiunoni, akakaa chini kwenye lile tope jeusi, akaanza kusaga. Alisaga kama mtu anayekuna nazi, mwendo mmoja, hana pupa, anaimba kwa pua. Katikati akaongea, sio na mimi. "Shoga, samahani. Mumeo anataka kwenda kumchukua ng'ombe wako. Akirudi tutamfungia tena." Mimi nikaangalia ua wa makuti.

Tone lilipokwisha akanipa spana. "Haya, vuta. Hiyo sehemu ndiyo yenu. Nguvu bila akili."

Pembe zilikuwa zimelika, kwa hiyo nikaifunga nati kitambaa cha jinzi, nikaibana na ile spana malaya mpaka kidole kikauma, nikavalisha bomba la kitanda, nikavuta. Haikutoka. Bi Mwanamkuu akashika bomba pamoja na mimi, tukavuta wote wawili. Ikalia. Sio tiii ya spana, ililia krrr, sauti nzito, ya chini, kama mlango wa ghala, ikazunguka kidogo. Halafu kidogo tena. Halafu ikawa inazunguka kwa vidole.

Sikufurahi. Nilikuwa nimechoka mno. Nikavuta tairi nyuma, nikanyoosha mnyororo, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikavaa koti.

"Ndama wake wa kwanza wangu," Bi Mwanamkuu akasema.

"Utampata Kilwa," nikamjibu, nikapiga kiki.

Barabara kuu nilikwenda vizuri mpaka karibu na Mlandizi. Pale magari yalikuwa yamesimama, msururu mrefu, mabasi, malori, watu wameshuka wananunua mahindi. Nikapenya pembeni mpaka mbele. Askari wa barabarani, kijana mdogo, akanyoosha mkono.

"Mzee, shikamoo. Simama hapo hapo."

"Marahaba. Mwanangu, mimi sipiti huko kwa mkubwa. Nakata kona hapo tu, njia ya Mzenga, nakwenda Vihingo. Ile pale, naiona."

"Msafara unapita, mzee wangu."

"Saa ngapi?"

"Unapita."

"Nina ng'ombe wa marehemu mke wangu, akipakiwa kwenye lori ndio basi."

"Pole sana, mzee. Zima pikipiki."

Alisema pole kwa heshima kabisa, na hakunipisha. Hivyo ndivyo walivyo siku hizi, wamefundishwa kusema pole. Nikakaa juani. Nyuma yangu lori lilikuwa limezima, dereva ameweka miguu dirishani. Mbao zake zilikuwa na samadi kavu, lakini sikulitilia maanani. Baadaye sana honi zikaja, boda zikaja kama nzige na bendera zao, nikamwona Gregori kati yao amesimama juu ya pikipiki anayumba, anafurahi, na tenki lake limejaa. Halafu magari yenye vioo vyeusi yakapita kwa kasi, hata huwezi kujua ndani yana mtu.

Walipofungua njia nikakata kona.

Barabara ile ahadi zake ningekuwa nazimwaga moja moja kwenye mashimo, ingekuwa imeshajaa. Mvua ilikuwa imeichimba. Nilikwenda kwa gia ya pili, na akili yote ipo nyuma, kwenye nati. Ilikuwa haina kitu cha kuishika sasa. Kila nilipopita kwenye mawimbi nikaona kama tairi linacheza. Nikasimama, nikashuka, nikaishika kwa mkono. Imekaza. Nikapanda. Mbele kidogo nikasimama tena. Imekaza. Nilijua napoteza muda, na bado mguu ulikuwa unakanyaga breki wenyewe. Rahabu asingeniambia kitu. Angekaa tu nyuma kimya, na ule ukimya wake ungenishusha.

Nipo chini, nimeinama, mkono kwenye nati, lori likanipita. Likanimwagia tope kuanzia kofia. Ndipo nikaziona zile mbao, na samadi, na zile kamba zinazoning'inia, na nikakumbuka kwamba njia ile haina pengine pa kwenda na lori tupu la ng'ombe siku ile.

Lilikuwa nyuma yangu pale Mlandizi. Msafara ulikuwa umelichelewesha na lenyewe. Watu wameniambia tangu hapo kwamba basi niwashukuru wakubwa, wangelipisha lori ningekosa ng'ombe. Siwashukuru. Mtu akikukanyaga wewe na mwizi wako hajakusaidia.

Sikusimama tena. Nati ikitaka ichomoke. Nililifuata lile lori kwenye tope lake, mnyororo unavuta vizuri, na nilipofika kwenye boma la Nyanda lilikuwa limegeuza mkia kwenye tuta la kupakilia, ng'ombe wa mwanzo wanapanda, fimbo zinalia, tope na mikojo. Vijana wa Nyanda walikuwa wanawasukuma bila kupumzika. Kibanda kilikuwa kimeshaezuliwa bati, vyombo vimefungwa.

Nyanda alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Wengine walishatolewa wakapangwa kwenye tuta, ndani alikuwa amebaki ng'ombe mmoja tu, mwekundu, ana baka jeupe.

"Nimempanga wa mwisho," akasema. Aliniangalia tope kuanzia kofia hadi viatu. "Mwangaluka, shemeji. Umekuja kwa pikipiki au umekuja kwa kutambaa?"

"Nyanda, niache."

"Ingia basi, umtoe. Dereva ana haraka."

Nikaingia. Nikamwekea Diwani mkono mgongoni, kama inavyotakiwa, nikasema jina la mwenyewe, Rahabu binti fulani wa fulani, na kwamba namtoa mimi mume wake. Kamba nikamvika. Akanipiga mkia usoni, akatoka. Nyanda akafunga lango la zizi tupu, na mkono wake ukabaki juu ya lango. Dada yake alikuwa mmoja tu.

Dereva, mtu mnene anaitwa Ponsiano, akaegemea lori lake. "Sasa, mzee," akasema, "huyo unampakiaje?"

"Nampakiaje nini?"

"Kwenye hiyo pikipiki. Anakaa nyuma au anaendesha?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikamwangalia Diwani, nikaiangalia pikipiki. Nataka niwaambie ukweli. Kuanzia simu ya Nyanda, usiku ule wote, na asubuhi, na goti, na tupa, na Mlandizi, sikuwahi kuwaza hata mara moja jinsi ng'ombe atakavyofika Sofu. Nilikuwa nawaza nati.

"Atatembea," nikasema.

"Na pikipiki?"

Boma lilikuwa linahama lote. Hakuna mlango wa kuiachia. Kuisukuma huku unavuta ng'ombe kwenye tope lile, labda uwe na mikono minne.

Nyanda akacheka kwanza kwa pua, halafu akamgeukia dereva. "Unapita wapi?"

"Mlandizi. Njia ya Maneromango imekatwa na maji."

"Basi nafasi ya ng'ombe mmoja si ipo? Diwani akipanda atakuwa amehama, lakini pikipiki haina ukoo."

Ponsiano alikataa, akasema lori lake ni la mifugo, akasema pikipiki itachoma ng'ombe na bomba la moshi, akasema mengi. Mwishowe alichoka yeye kabla ya Nyanda. Tukaipandisha pikipiki kwenye lile tuta, vijana wakaisukuma ndani, ikasimama katikati ya ng'ombe, imefungwa kamba huku na huku, ng'ombe mmoja anailamba kiti. Waliahidi kuishusha Mlandizi kwenye kijiwe cha boda, wamkabidhi Gregori, ambaye nilimpigia simu awangoje. Nyanda akanishika mkono kwa mikono miwili. Kilwa ni mbali.

Lori likaondoka. Niliona kioo kimoja cha pikipiki yangu kinang'aa kati ya pembe za ng'ombe mpaka kona ikalifunika. Yenyewe inakwenda Mlandizi imepanda gari, mimi nakwenda kwa miguu, na kesho kwenye kila kizuizi wataniuliza kibali cha kutembea na ng'ombe mmoja.

Nikavuta kamba. Diwani hakusogea. Alikuwa amegeuza kichwa kule lilikokwenda lori, masikio mbele, akaanza kulia. Alilia kwa sauti nene, anapumzika, anasikiliza, anaita tena. Wenzake waliitikia mara moja kutoka mbali, halafu hawakuitikia tena.

Nikainua fimbo, nikaishusha. Kamba nikailegeza, nikakaa kwenye gogo pembeni ya zizi tupu, nikamwacha aite mpaka amalize. Sikuwa na haraka tena.